"Hypo" ni "haipo": Kiingereza cha mtoto kinavyoweza kuanzia kwenye boksi la dawa

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MWEZI Septemba mwanafunzi wa darasa la saba anafanya mtihani wa sayansi kwa Kiswahili. Anajua usanisinuru ni nini. Anajua mmeng'enyo wa chakula unaanzia mdomoni. Januari anavaa sare mpya, anaingia kidato cha kwanza, na mambo yale yale anaambiwa sasa yanaitwa "photosynthesis" na "digestion".

Hakuna kilichobadilika kwenye jani wala tumboni. Kilichobadilika ni lugha.

Hapa Mpanda, kama ilivyo sehemu kubwa ya nchi, watoto wa shule za serikali wengi wanavuka mto huo bila daraja. Nyumbani kinazungumzwa Kiswahili, Kifipa, Kisukuma, Kibende, Kikonongo au Kipimbwe. Ukienda Katumba na Mishamo utasikia na Kirundi. Kiingereza hakisikiki jikoni wala sokoni, na wiki chache za Kiingereza cha kuanzia ambazo shule hutoa mwanzoni mwa kidato cha kwanza hazitoshi kuziba pengo la miaka saba.

Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi kwamba lugha ya kufundishia ambayo mwanafunzi haielewi inamzuia kujifunza. Mimi niko upande wake. Lakini mtoto aliyekwisha kununuliwa madaftari hawezi kukaa nyumbani akisubiri mjadala huo uishe.

Kinachofanyika katika familia nyingi ni hiki: mzazi ananunua kamusi, mtoto anaambiwa akariri maneno kumi kila siku kuanzia A. Anaanza na "abandon", anaenda "ability", "able", "abnormal", "aboard". Akifika B, ya A yameshatoka. Si uvivu wa mtoto. Maneno hayo yamepangwa pamoja kwa sababu ya herufi tu, hayana undugu wa maana, na kichwa hakina mahali pa kuyatundika.

Ipo njia nyingine inayotumia herufi za mwanzo, nayo inafaa zaidi. Habari njema kwa mzazi ni kwamba vifaa vyake viko kwenye kile kimfuko cha dawa kilichoning'inia ukutani.

Tunalijua tayari jambo hili

Muulize mtoto wako: mtu wa Ufipa anaitwaje? Mfipa. Wakiwa wengi? Wafipa. Lugha yao? Kifipa. Hajakariri maneno manne, amejua mzizi mmoja na kinachotangulia mbele yake. Fanya hivyo kwa Mkonongo, Wakonongo, Ukonongo, Kikonongo, hatakosea hata kama neno hilo hajawahi kulisikia.

Darasani aliambiwa sehemu ile ya mbele inaitwa kiambishi awali. Aliulizwa kwenye mtihani wa Kiswahili na pengine akapata. Ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba Kiingereza nacho kina viambishi awali, tena vichache vinavyojirudia sana.

Mwaka 1989 watafiti watatu wa Marekani, White, Sowell na Yanagihara, walichapisha hesabu ya maneno yenye viambishi awali katika vitabu vya shule za huko. Viambishi vinne tu, yaani "un", "re", "in" ya kukanusha na "dis", vilibeba asilimia 58 ya maneno hayo yote. Viambishi 20 vilitosha kwa asilimia 97. Mtoto anayejua vitu 20 hajamaliza Kiingereza, lakini anapokutana na neno refu ana mahali pa kulishikia.

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia na mimi naandika habari za afya, nitaanzia kwenye dawa.

Anti aliyesimama mlangoni

Chukua boksi, chupa au kanga ya sabuni. Kuna uwezekano mkubwa utaona "anti" mahali fulani. Maana yake ni dhidi ya, au kupinga. "Antimalarial" ni dawa dhidi ya malaria. "Antifungal" ni dhidi ya fangasi. "Antibacterial" kwenye sabuni ni dhidi ya bakteria. "Antiretroviral" ndiyo ile tunayoifupisha ARV, na virusi vimo humo ndani ya jina. "Antacid" ya kiungulia ni neno lile lile lililodondosha herufi moja: dhidi ya asidi.

Mtaani kwetu "anti" ni shangazi au dada mkubwa, basi mtoto afikirie anti mkali aliyesimama mlangoni. Hapiti mtu.

Hapa Kiingereza kinageuka kuwa suala la afya. "Antibiotic" ni "anti" na "bio", na "bio" inahusu uhai: ndiyo iliyo kwenye "Biology" atakayofundishwa na kwenye "biogas". Dawa hii inapambana na bakteria, viumbe hai. Haifanyi kazi kwa virusi. Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi, na dawa ya virusi huitwa jina jingine, "antiviral". Kwa hiyo kumnunulia mtoto mwenye mafua vidonge viwili vitatu vya amoksilini kwenye duka la dawa muhimu ni kumtuma anti kumzuia mtu ambaye hayuko mlangoni kwake. Mafua hayaponi kwa hiyo dawa, na bakteria waliomo mwilini wanapata nafasi ya kuizoea.

Kuna jirani wa "anti" wa kuangaliwa: "ante", yenye E. Hiyo ni kabla. "Antenatal" ni kabla ya kuzaliwa, kliniki ya wajawazito. "Postnatal" ni baada ya kuzaliwa, na "neonatal" inamhusu mtoto mchanga, kwa sababu "neo" ni mpya. Mzizi mmoja "natal", mbele panabadilika, kama Mfipa na Kifipa. Ukiona mabango hayo matatu kwenye korido ya hospitali, utajua ni mlango upi.

Maji yanaondoka, maji yanarudi

Pakiti ya ORS karibu kila nyumba yenye mtoto mdogo inaijua. Herufi hizo tatu ni "Oral Rehydration Salts", chumvi za kunywa za kurudisha maji mwilini. Katikati kuna "hydr", yaani maji, ambayo mwanafunzi ataikuta tena kwenye "hydrogen" na "hydroelectric". Mbele yake kuna "re", kurudisha au kufanya tena.

Ugonjwa wenyewe unaitwa "dehydration". "De" ni kuondoa. Mtoto anaharisha, maji yanaondoka: "de". Unamnywesha ORS, maji yanarudi: "re". Herufi moja imegeuza ugonjwa kuwa tiba. Sijaona zoezi la Kiingereza linaloeleweka haraka kuliko hilo, na linaweza kufanyika jikoni wakati mama anachanganya pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi na salama.

Sukari haipo

Sasa tuje kwenye maneno mawili ambayo yanatofautiana kidogo kwa macho na mbali sana kwa maana: "hyper" na "hypo".

Kiswahili chetu cha mtaani kimeshalitatua jambo hili vizuri. Tunasema presha ya kupanda na presha ya kushuka. Tunasema sukari imepanda, sukari imeshuka. "Hyper" ni kupanda, kupita kiasi. "Hypo" ni kushuka, kuwa chini ya kiasi. "Hypertension" ni presha ya kupanda, "hypotension" ni ya kushuka. "Hyperglycaemia" ni sukari imepanda kwenye damu, "hypoglycaemia" imeshuka.

Tatizo ni kuzikumbuka. Hapa Mungu ametupa msaada ambao Mwingereza hana: "hypo" hutamkwa "haipo". Sukari haipo. Tuelewane, haimaanishi imeisha kabisa, ni kwamba iko chini ya inavyotakiwa. Lakini ukishaisikia hivyo huisahau.

Kwa nini nalisisitiza? Kwa sababu huduma ya kwanza ya hali hizi mbili inakwenda pande tofauti. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, akachelewa kula, sukari yake inaweza kushuka chini ya 4 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Anatoka jasho, anatetemeka, anasikia njaa kali, anaanza kuchanganyikiwa. Huyo, kama yuko macho na anaweza kumeza, anapewa kitu chenye sukari haraka: soda ya kawaida, juisi, maji yenye vijiko vya sukari. Akiwa amepoteza fahamu asimiminiwe kitu chochote mdomoni, apelekwe hospitali. Aliyeandikiwa "hyper" ni mwenye sukari nyingi tayari. Soda hiyo hiyo itamzidishia.

Kwa mkoa wa malaria kama wetu kuna la nyongeza. Malaria kali kwa mtoto inaweza kushusha sukari yake hadi kiwango cha hatari. Ndiyo maana wodini mtoto mwenye malaria kali hupimwa sukari, na ikionekana imeshuka huwekewa glukosi. Mzazi akiliona neno "hypoglycaemia" kwenye karatasi, asidhani mwanawe amepata kisukari. Ni kinyume chake.

Karatasi inayosema bado kuna muda

Neno ambalo ningependa kila familia ya Katavi ilijue, hata kama haina mtoto sekondari, ni "pre-eclampsia".

"Eclampsia" ni kifafa cha mimba. "Pre" ni kabla, kama ilivyo kwenye "premature", mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au "pre-primary", darasa la awali. Kwa hiyo "pre-eclampsia" ni hali inayotangulia kifafa cha mimba. Degedege bado haijatokea. Presha imefika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, mara nyingi na protini imeonekana kwenye mkojo. Mama anaweza kuumwa kichwa kisichotulia, kuona ukungu au nyota machoni, kuvimba uso na mikono, kuumwa juu ya tumbo upande wa kulia. Na wengine hawasikii chochote, ndiyo sababu presha inapimwa kila hudhurio.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa mimba ya kwanza na kwa wasichana wadogo. Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2015/16 uliikuta Katavi ikiongoza nchi nzima: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Wengi wao ni wa umri ule ule wa kukaa darasani wakifundishwa "prefix" ni nini.

Familia inayopewa karatasi ya rufaa yenye neno hilo inaweza kuiweka chini ya godoro ikisubiri pesa ya mahindi au siku ya mnada. Herufi tatu za mwanzo zinasema kabla. Muda upo, lakini unahesabika kwa saa na siku. Mume, mama mkwe, wifi, yeyote anayeishika karatasi hiyo anatakiwa kutafuta usafiri.

Mitego

Njia hii ina mitego, na ni haki kuitaja.

Wa kwanza ni kudhani kila neno linaloanza na herufi hizo ni la ukoo huo. "Un" inakanusha kwenye "unsafe" na "unconscious". Lakini "uncle" si kinyume cha kitu chochote, ni mjomba. "Uniform" nayo ukiikata vibaya utapata "un". Hiyo ni "uni", moja: umbo moja kwa wote. Nasi tukaiita sare, neno lile lile la mechi iliyoisha bila mshindi. Ni maelezo mazuri ya kumpa mtoto siku unapomnunulia.

"Mis" ni vibaya au kimakosa, kama "misuse", matumizi mabaya, au "miscarriage", mimba kuharibika. Lakini "mission", misheni, haimo. Wazee wa Karema wangeshangaa wakiambiwa vinginevyo.

"In" ndiyo msumbufu. Mara inakanusha: "infertile", asiyezaa. Mara inamaanisha ndani: "injection", "infection". Na kuna "inflammable", ambalo mtu anaweza kulisoma kuwa kitu kisichoshika moto. Maana yake ni kinashika moto upesi. Anayehifadhi petroli ya bodaboda chumbani alijue hilo kabla ya vitenzi vyote.

Wakati mwingine herufi za mwanzo zinasema ukweli wa zamani. "Mal" ni mbaya: "malnutrition" ni lishe mbaya, utapiamlo. "Malaria" pia imo, kutoka Kiitaliano, hewa mbaya, kwa sababu walidhani inatoka kwenye harufu ya madimbwi. Ronald Ross alionyesha nafasi ya mbu mwaka 1897. Jina likabaki na kosa lake.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kufananisha majina ya dawa zenyewe. Viambishi vinasaidia kuelewa aina ya dawa na jina la ugonjwa. Havisaidii kuchagua kidonge. Dawa mbili zinaweza kuanza na herufi nne zinazofanana na zikawa za maradhi tofauti kabisa. Dozi, idadi ya siku, dawa ipi na ipi zisichanganywe, hayo yanaulizwa kwenye dirisha la dawa, na ukiwa hujaelewa unauliza tena. Foleni ya nyuma itasubiri.

Kwa wakulima wa tumbaku, pamba na mahindi, tahadhari hiyo hiyo inahusu makopo ya shambani. "Herbicide" na "insecticide" zinafanana mwisho, na mwisho huo ni kuua. Mwanzo ndio unaosema kinachouawa: "herb" ni majani, "insect" ni wadudu. Ukikosea mwanzo umepulizia mahindi yako dawa ya magugu.

Hata Mwingereza anayakuta mageni

Mtoto akikata tamaa, mwambieni hili. "Hyper", "hypo", "hydr" na "neo" asili yake ni Kigiriki. "Ante", "post" na "pre" ni Kilatini. Mtoto wa London hazaliwi akiyajua. Anayakuta darasani kama wa Makanyagio.

Na mkoa wetu una kielelezo. Adrien Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mdogo, akakombolewa na Mapadri Weupe, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu huko kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Utabibu aliousomea ulijaa maneno haya haya, na hakuna hata moja alilonyonya kwa mama yake.

Daftari moja la nyumba

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Daftari moja liwe la nyumba nzima, lisiwe la mtoto peke yake. Kila ukurasa upewe mwanzo mmoja wa neno. Yeyote anayekutana na neno, kwenye boksi la dawa, kanga ya sabuni, mfuko wa mbegu au kitabu cha shule, analiandika kwenye ukurasa wake pamoja na mahali alipolikuta na sentensi moja fupi.

Kabla ya kuliandika, mtoto alifunike neno kwa kidole pale mwanzo na aulize kinachobaki ni nini. Kwenye "unsafe" kinabaki "safe", salama, basi limepita. Kwenye "uncle" kinabaki "cle", ambacho si kitu. "Understand" litamsumbua, kwa sababu kinabaki "stand", kusimama, na maana haikubali. Aliandike ukurasa wa nyuma pamoja na wakorofi wengine. Huo utakuwa ukurasa anaoupenda.

Mzazi asiyejua Kiingereza asijitoe. Kazi yake ni kuuliza "ulilikuta wapi?" na "linasemaje kwa Kiswahili?" Mtoto akishindwa kulieleza kwa Kiswahili, hajalielewa, hata kama amelitamka vizuri.

La mwisho linahusu mpangilio. Paul Nation, mtaalamu wa ujifunzaji wa msamiati wa New Zealand, amekuwa akionya kwamba maneno yanayofanana sana yakifundishwa kwa pamoja yanachanganyana kichwani. Kwa hiyo msifundishe "hyper" na "hypo" jioni moja kwa sababu tu mmeyasoma hapa kwa pamoja. Anzeni na "anti" kwa wiki nzima, kisha "re", kisha "pre". "Hyper" iingie mwezi wa pili kupitia presha ya bibi, kama anayo. Ikishakaa, na mtoto akiulizwa ghafla anajibu bila kufikiri, ndipo mfungue ukurasa wa "hypo". "Ante" nayo ikae mbali na "anti", angalau kurasa tano.